Nchi Iliyotibiwa kwa Viganja

Kuna nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu sheria yake inamtaka kila anayelitaja awe amesimama wima, na huenda msomaji ameketi. Ni nchi nzuri. Ina mlima, ina ziwa, na ina Wizara ya Afya, Furaha na Mapokezi. Katika mji wake mmoja mdogo uitwao Tulivuni aliishi mwanamke aliyeitwa Mwantumu, ambaye kasoro yake kubwa, kwa maneno ya mjumbe wa mtaa, ilikuwa kutoamini upesi.

Hakuzaliwa hivyo. Maisha yake ya kazi aliyamalizia kwenye lango la uwanja wa mpira, akikagua tiketi. Hapo alikutana na wanaume waliodai ni wajomba wa golikipa, na waombolezaji waliobeba jeneza tupu wakisema wanapita tu kuelekea makaburini, na padri mmoja asiyejua Baba Yetu. Mtu akishapitia hayo, hata salamu huigeuza kwanza atazame kama ina muhuri.

Alipostaafu alibaki na mumewe, Kitwana, fundi saa, mtu mpole, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Kitwana alijichoma insulini asubuhi na jioni kwa utulivu ule ule aliokuwa nao akifungua saa ya mtu. Vichupa vya dawa walivipata hospitali ya wilaya na kuvihifadhi kwenye mtungi wa maji, kwa kuwa friji lao lilikuwa limeacha kazi zamani na sasa lilitunza viatu.

Ndipo dawa zikaisha nchini.

Tuseme hazikuisha. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Profesa Mhandisi Baltazari Mkunjo, alisikika redioni akisema neno "kuisha" ni la kichochezi. Dawa, alisema, zilikuwa zimemaliza kazi yake kwa ufanisi na kupumzishwa kwa heshima. Na taifa lisitie shaka, kwani yeye alikuwa ametoka Japani.

Alikuwa ameenda Japani kwenye mkutano wa bandari, ingawa nchi yake haina bahari. Huko, baada ya kukaa sana kwenye viti vya mkutano, mabega yalimkaza, na wenyeji wake wakampeleka kwa bibi mmoja aliyemlaza kitandani na nguo zake zote, akamwekea viganja mabegani taratibu, bila kukanda wala kusema. Mheshimiwa Mkunjo akapata usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi. Alipozinduka akauliza jambo hili linaitwaje. Wakamwambia linaitwa reiki. Akauliza linahitaji mitambo gani. Wakamwambia halihitaji mtambo wowote, ni mikono tu. Akauliza je, linahitaji bajeti. Walipojibu hapana, machozi yalimtoka.

Aliporudi, reiki ilipewa uraia na jina jipya: Nishati ya Viganja. Dirisha la dawa katika hospitali ya Tulivuni lilizibwa kwa tofali na juu yake pakachorwa kiganja kikubwa cha rangi ya chungwa. Madaktari walipelekwa kambini kunyoosha vidole. Na ikatangazwa kwamba mgonjwa yeyote atakayetaka kumwona daktari siku daktari akirudi, sharti awe amefaulu kwanza Darasa la Wanaoanza.

"Mimi sitaki daktari," Mwantumu alimwambia karani wa mapokezi. "Nataka vichupa vya mume wangu."

"Mama, mikono unayo?"

"Ninayo."

"Basi una hospitali nzima. Unataka nini tena?"

Mwantumu alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wajomba wa golikipa. Lakini akajiandikisha, maana kwenye mtungi nyumbani vichupa vilikuwa vimebaki vichache, na Kitwana alikuwa ameanza kupunja sindano bila kumwambia.

*

Darasa lilifanyikia katika chumba cha upasuaji, kilichokuwa na nafasi ya kutosha kwa sababu vifaa vyake vilikwenda matengenezo mjini na vikaolewa huko huko. Mkufunzi aliitwa Pelagi. Kabla ya semina iliyomfanya mtaalamu, Pelagi alikuwa mwalimu wa udereva, na ile kazi ya kwanza ilikuwa haijamtoka mwilini.

"Wanaoanza lazima wajue mambo ya msingi," alisema akipita kati ya vitanda. "Anayetibiwa analala. Anayetibu anaweka viganja. Usibonyeze! Hapa hatukandi chapati. Weka kama unaweka kitambaa juu ya maziwa. Halafu unatulia, unaingiza gia, unaiachia nishati iende yenyewe. Ukisikia joto, umefaulu. Usiposikia, tatizo ni lako."

Mwantumu aliwekwa pamoja na jirani yake, Bi Asteria, mjane mnene, mcheshi, mwenye shinikizo la damu na vidonge vyake kwenye mkoba. Bi Asteria alilala, akafumba macho. Mwantumu akaweka viganja kwenye mabega yake, akangoja. Hakuna kilichotokea. Feni lililia juu, mtu akakohoa kitanda cha pili. Halafu akaona machozi yanatelezea kwenye masikio ya jirani yake.

"Nimekuumiza, shoga?"

"Hapana," Bi Asteria alisema bila kufumbua macho. "Acha hapo hapo. Tangu marehemu aondoke, hakuna mtu aliyenishika hivi. Nasikia joto, Mwantumu. Wallahi nasikia joto."

Mwantumu aliacha mikono pale pale, kwa muda mrefu kuliko mkufunzi alivyoagiza, na moyoni aliona si vibaya. Kama nchi ingeishia hapo, kwa watu kuwekeana mikono na kulia kidogo, hata yeye asingekuwa na neno.

Lakini nchi haikuishia hapo. Walipobadilishana, yeye akalala na Bi Asteria akamwekea mikono, Pelagi akaja na kuinama.

"Unasikia nini?"

"Nasikia mikono ya Asteria."

"Joto?"

"Ya moto kiasi. Mikono ya mtu ina joto, mwalimu. Hata ya mwizi."

"Joto la nishati, mama!"

"Hilo sijalisikia."

Wanafunzi wengine wakageuka. Pelagi akanyooka, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeona gari jipya limegongwa. "Umekanyaga breki," alisema. "Moyoni mna breki. Huyu hajafaulu."

Bi Asteria alifaulu. Mlangoni palikuwa na kapu kubwa lililoitwa Kapu la Shukrani, ambamo waliofaulu walitakiwa kutupa dawa zao za zamani ili nishati isije ikaona wivu. Mwantumu alimshika jirani yake mkono.

"Vifiche kwenye sidiria. Tupa pipi."

"Toka hapa! Wewe hata malaika akija kukutoa roho utamshuku."

"Huyo ndiye nitakayemtaka kitambulisho kabisa. Asteria, nakuomba. Mikono ikuliwaze, vidonge vikutibu. Vyote viwili vina haja gani ya kugombana?"

Bi Asteria alicheka, akavitupa vidonge vyake kapuni, akatoka ananyanyua miguu kama msichana.

*

Mwezi ule watu wa Tulivuni walianza kutazamana mikono. Ilikuwa imetangazwa kwamba viganja baridi ni dalili ya upinzani, kwa hiyo salamu za mitaani zikawa ndefu: mtu alikushika mkono, akautafakari, akauachia taratibu huku anakariri jina lako. Kina mama walitoka nyumbani baada tu ya kukumbatia vikombe vya chai. Mwantumu alimkuta mjumbe wa mtaa nyuma ya duka, amefutika mikono kwapani, wakatazamana, na kila mmoja akaendelea na safari yake kana kwamba hakuona kitu.

Kitwana alikuwa anakonda. Alikunywa maji kama mtu aliyemeza jangwa, akaamka mara kwa mara kwenda msalani, na saa za watu zikaanza kumponyoka mikononi. Mwantumu alipochungulia mtungini aliona kichupa kimoja tu.

"Unajipunja," alimwambia.

"Navuta siku," alijibu Kitwana. "Huenda dawa zikarudi."

"Huenda na wewe ukaenda."

Alijaribu kuchukua mkono wa mkewe. Mwantumu aliuondoa, halafu akaona aibu, akaurudisha.

Jioni moja binti wa Bi Asteria aligonga mlango kwa ngumi. Mwantumu alikimbia bila viatu. Alimkuta jirani yake sakafuni kando ya meza, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama wa mtu mwingine. Macho yalikuwa yanamjua. Maneno hayakutoka. Walimbeba hospitali, wakalakiwa na kiganja cha chungwa ukutani na muuguzi aliyelia waziwazi kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya.

Wizara haikukaa kimya. Pelagi alitumwa nyumbani kwa mgonjwa na cheti chenye fremu. Alieleza kwamba Bi Asteria hakupooza, ila nishati imemwingia kwa wingi upande mmoja, na kwamba upande huo, kwa bahati njema, ndio unaoelekea Japani. Mwantumu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza kwa upole kama anajua njia ya kutoka, au amwingizie gia.

*

Habari zilipoenea zaidi kidogo kuliko Waziri alivyopenda, Serikali ilitangaza kwamba mwalimu kutoka Japani kwenyewe anakuja Tulivuni kuthibitisha. Uwanja wa mpira ulipambwa. Jukwaani paliwekwa kitanda cheupe, viti vya wakubwa, na meza ya soda ambazo kwa mujibu wa itifaki zisingefunguliwa mpaka hotuba ya mwisho iishe. Mwantumu alikaa mstari wa mbele, karibu kabisa na lile lango lake la zamani. Hakwenda kwa imani. Alikwenda kumtazama huyo mwalimu usoni.

Mwalimu aliitwa Bi Shizue Okabe. Alikuwa mama mfupi mwenye nywele nyeupe na viatu vya raba, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekuja kwa nia njema na ameanza kujuta. Kando yake alisimama mkalimani mkuu wa taifa, Bwana Kandoro, mwenye suti nyeusi na kipaza sauti kikubwa. Mgeni alipewa kidogo.

"Habari za mchana, ndugu zangu," alisema Bi Shizue. "Nimekaa miaka mingi nchi ya jirani nikifundisha kilimo cha mpunga, kwa hiyo naomba mnivumilie kwa Kiswahili changu."

Watu waligeukiana. Kilikuwa Kiswahili safi kabisa.

Bwana Kandoro akainua kipaza sauti. "Mgeni anasema," alinguruma, "anaisalimu Serikali."

Watu wakapiga makofi. Bi Shizue akamgeukia. "Samahani, bwana, nadhani wamenielewa."

"Mgeni anasema amefurahi sana."

Bi Shizue alishusha pumzi, akaendelea. "Mimi si daktari, wala si mganga. Reiki ni kutulizana. Anayeanza ajue kwamba analala na nguo zake, na asiguswe na mtu kabla ya kuombwa ruhusa."

"Anasema Serikali haiombi ruhusa kwa mtu."

"Huenda ukasikia joto, huenda ukasinzia, huenda usisikie kitu chochote. Si kosa."

"Anasema asiyesikia kitu ana kosa."

"Muulize anayekuwekea mikono alifundishwa na nani. Na ukitaka kuondoka, inuka uondoke."

"Anasema asiinuke mtu."

"Na zaidi ya yote," alisema Bi Shizue, sasa kwa sauti ya juu, "msiache dawa zenu! Msiache kwenda kwa daktari!"

"Anasema dawa, acheni!"

Makofi yalivuma. Mwantumu alitazama kulia na kushoto. Watu walikuwa wamesikia; aliona kwenye nyuso zao kwamba wamesikia. Lakini miaka mingi ya kukaa katika nchi ile ilikuwa imewafundisha kuyaweka masikio mahali pa usalama hadi kipaza sauti kikubwa kiseme. Akasimama.

"Mimi nimesikia amesema msiache."

Mheshimiwa Mkunjo mwenyewe aliinuka kwenye kiti chake, akatabasamu. "Mama, wewe unajua Kijapani?"

"Kasema Kiswahili, Mheshimiwa."

"Ndiyo. Kiswahili cha Kijapani. Kina watu wake." Wakubwa wakacheka. "Huyu, wananchi, ndiye mfano wa breki ya moyoni. Naambiwa aliwahi hata kushindwa darasa. Hatutamkamata. Tutamponya! Njoo jukwaani, mama. Uniwekee mimi viganja, mbele ya taifa, na utasikia joto utake usitake."

*

Mwantumu alipanda jukwaani. Waziri alilala kitandani, akashikilia kipaza sauti kifuani ili asipoteze nafasi ya kuhutubia. Mwantumu akaweka viganja mabegani mwake, kama kitambaa juu ya maziwa.

Shati lilikuwa limelowa. Jua lilikuwa kali, sawa, lakini jasho lile lilikuwa baridi kama la chupa iliyotoka barafuni. Na chini ya viganja vyake mabega ya Mheshimiwa yalikuwa yanatetemeka, mtetemeko mdogo mdogo usiokoma.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "maendeleo ni... maendeleo ni kama... shemeji, hebu nisogezee ule mlima."

Wakubwa wakapiga makofi kwa nguvu.

"Nasema mlima! Kwa sababu wali bila... wali ni wali."

Makofi zaidi. Bwana Kandoro alipaza sauti: "Mheshimiwa anasema uchumi unakua!" Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hotuba zake za kawaida hazikuwa mbali na hapo, na hata wale waliomwandikia wasingeweza kuapa kwamba hakuna mlima ukurasa wa pili.

Mwantumu peke yake ndiye aliyeinama. Jasho lile alilijua. Alilala nalo kitanda kimoja. Lilikuwa likimtoka Kitwana enzi za dawa tele, siku alizojichoma sindano kisha mteja akamchelewesha kula, sukari ikamshuka.

"Mheshimiwa," alinong'ona, mdomo wake karibu na sikio, "umechoma sindano asubuhi?"

Macho ya Waziri yalimzungukia kama ya mtoto aliyekutwa jikoni. "Nani kakwambia?"

"Umekula?"

"Itifaki... chakula baada ya hotuba."

Basi insulini ilikuwepo. Ilikuwepo nchini, siku ile, ndani ya mwili wa mtu yule. Hasira ilimpanda Mwantumu hadi mikono ikawa moto kweli. Alimwona Asteria sakafuni. Alimwona Kitwana akipima maji ya uhai wake kwenye kichupa kimoja. Alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu: aache viganja pale pale, kama alivyoamriwa na Serikali, na atazame Nishati ya Viganja ikimtibu Waziri wake mpaka azimie, na baada ya kuzimia, mpaka huko kuliko mbele zaidi. Asingelaumiwa na yeyote. Taifa zima lingekuwa shahidi kwamba alifuata maelekezo.

Waziri alifumba macho. Midomo ilikuwa imepauka. "Mama," alisema, na safari hii hakuwa anahutubia, "naogopa."

"Leteni soda!" Mwantumu alipiga kelele.

"Haijafika kwenye ratiba," alisema ofisa wa itifaki.

"Huyu atakufa!"

"Kwenye ratiba hakuna kufa, mama. Kuna ngonjera, halafu vinywaji."

"Na akinywa sasa," aliongeza Bwana Kandoro kwa sauti ya chini, "si itaonekana kama viganja vimeshindwa?"

Ni Bi Shizue aliyeondoka mahali pake. Mbele yake, kwa heshima ya ugeni, ilikuwa imewekwa chupa ya soda ya chungwa iliyokwisha kufunguliwa. Aliichukua, akapita katikati ya wakubwa na raba zake, akampa Mwantumu, akamwinua Waziri mgongo. Mwantumu alimnywesha funda kwa funda, akimwambia "meza, baba, meza," hadi chupa ikaisha, na ofisa wa itifaki akafumba macho yake ili asiwe ameona.

Wakangoja. Uwanja wote uliona Waziri ameegemea wanawake wawili kama mtoto mchanga. Rangi ikamrudia midomoni. Akatazama huku na huku, akakuta bado anatawala.

"Vichupa viko wapi?" Mwantumu alimwuliza, mkono wake ungali begani.

"Vipi?"

"Ulichochoma asubuhi. Nina mume."

Mheshimiwa Mkunjo alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Garini," alisema. "Kasha la barafu. Kila gari la wizara linalo. Utapewa. Lakini mama, mdomo..."

Alipofika hapo, Bwana Kandoro alikuwa ameshatangaza kwamba Mheshimiwa alikwenda safari fupi ya kiroho hadi Japani na amerudishwa salama na viganja vya mwananchi wa kawaida.

*

Dereva wa Waziri alileta vichupa kwenye mfuko wa nailoni, na ahadi ya vingine kila vikikaribia kwisha. Baada ya siku chache Kitwana alikuwa anakaa tena kwenye kiti chake na miwani ya fundi jichoni. Bi Shizue alikuwa ameondoshwa mapema na kurudishwa alikotoka, kwa sababu za hali ya hewa, ingawa hali ya hewa ilikuwa nzuri. Na Mwantumu akatunukiwa cheo cha Balozi wa Viganja. Aliitwa redioni, kipindi cha moja kwa moja, kuwaeleza wanaoanza mambo yanayowapasa kujua. Maneno aliandikiwa.

Usiku haukuwa umeingia bado alipoyasoma kwa sauti mezani, Kitwana akisikiliza.

"Yasome hivyo hivyo," alisema Kitwana hatimaye. "Ukisema mengine, vile vichupa vilivyoko mtungini ndivyo vya mwisho."

"Unaogopa?"

"Mimi naogopa kufa, Mwantumu. Kwani wewe unaonaje, ni tabia mbaya?"

Mwantumu alizikunja zile karatasi. Asubuhi, kabla ya kwenda redioni, alipita kwa Bi Asteria. Binti alikuwa anamlisha uji, nusu unaingia, nusu unarudi. Mwantumu alichukua kijiko, akamlisha yeye. Kisha akakaa nyuma yake, akamwekea viganja mabegani, bila mkufunzi, bila cheti. Mkono mzima wa Asteria ulipanda polepole, ukamshika kidole, na ukakibana kwa nguvu ambayo haikuwa ya shukrani wala ya msamaha. Mwantumu aliielewa kuwa ni agizo.

Redioni walimkalisha mbele ya kipaza sauti. Mtangazaji alikuwa na sauti ya asali.

"Balozi, msikilizaji wetu ndiyo kwanza anaanza. Ajue nini?"

Mwantumu aliziweka karatasi chini.

"Ajue mikono ni mikono," alisema. "Ukiwekewa na mtu anayekupenda, itakutuliza, utalia, utalala. Ni kitu kizuri, wala msikikatae. Lakini haishushi sukari wala damu iliyopanda. Mwenye vidonge ameze. Jirani yangu Asteria alivitupa, na leo hawezi kutamka jina lake. Na mwenye kisukari ajue kwamba insulini haijaisha. Waziri anachoma. Iko kwenye makasha ya barafu, katika magari ya wizara, na magari ya wizara hulala nyuma ya..."

Hapo wimbo wa taifa ulipigwa, na nchi nzima ikalazimika kusimama. Lakini ilikuwa imeshasikia. Na safari hii hapakuwa na Bwana Kandoro, kwa maana alikuwa nyumbani kwake, redio mkononi, mama yake mzazi mgonjwa wa kisukari akimtazama kutoka kitandani.

Watu walifika kwenye gereji ya wizara, ambayo kila mtu aliijua, kabla ya wimbo kurudiwa. Hawakubeba mawe. Walibeba wagonjwa wao: kwenye baiskeli, kwenye mikokoteni, kwenye migongo. Walijipanga mbele ya magari, na madereva, ambao nao wana mama na wake, walitazamana, kisha mmoja akafungua buti. Alikuwemo Bwana Kandoro, bila tai. Mtu alipomwuliza anasemaje, alisema, "Leo nasema kama mlivyosikia."

Mwantumu alikamatwa jioni ile. Alishtakiwa kwa kuingiza dawa kwenye mazungumzo. Aliporudi nyumbani, baada ya majuma ambayo Kitwana hakupenda kuyasimulia, alikuta mumewe hai, na kiganja cha chungwa kimebomolewa na dirisha liko wazi. Serikali haikukiri kitu. Ilitoa tamko kwamba Nishati ya Viganja imeingia awamu ya pili, na kwamba mpango huo ulikuwepo tangu mwanzo. Waziri alipandishwa cheo. Pelagi alihamishiwa idara ya zima moto. Hukumu ya Mwantumu ilikuwa kurudia Darasa la Wanaoanza hadi atakaposikia joto.

Siku ya dawa alikwenda dirishani na kikapu chake. Mbele yake alikuwepo binti wa Bi Asteria, aliyepokea pakiti ya vidonge vya shinikizo na kuviangalia kama mtu aliyeletewa mwavuli baada ya nyumba kwenda na maji. Mwantumu akasogea.

"Dawa ya Kitwana," alisema. "Insulini."

Muuguzi alichungulia kushoto na kulia. "Usiite dawa, Bi Mwantumu," alinong'ona. "Dawa hakuna nchini. Hii ni nishati ya maji."

Mwantumu alikipokea kichupa, akakiinua kwenye mwanga, akasoma tarehe, akasoma jina, akatikisa, akatazama mfuniko.

"Haya," alisema. "Basi nipe na bomba la kuichomea hiyo nishati."